Wajina wa Escudo

Siku ya saba, mtoto wa kaka yangu alipopewa jina la marehemu baba yetu, mama alilipokea jina hilo lakini hakulitamka. Mpaka leo hajalitamka. Akimbeba anamwita "mume wangu", kama bibi wengine wanavyowatania wajukuu wao wa kiume, ila kwake utani huo una uzito, kwa sababu mtoto ni Rajabu na mumewe alikuwa Rajabu. Wageni hucheka. Nami nilicheka siku ya kwanza. Siku ya pili nilimsikia akimwambia huku anamfunga nepi, "Mume wangu, safari hii usiendeshe usiku," nikatoka nje.

Baba hakufa kwa ajali. Alifariki kwa kisukari, kitandani, mchana. Lakini kuendesha usiku kulikuwa ugomvi wao wa miaka yote. Kwetu ni juu ya Mlalo, wilaya ya Lushoto, mahali ambapo masika yakianza udongo mwekundu unakuwa kama sabuni, na baba alikuwa na gari ambalo halikuogopa udongo huo. Mchana lilibeba kabichi na pilipili hoho kwenda sokoni. Usiku watu waligonga dirisha: mke wa fulani uchungu umemshika, mtoto wa fulani anatapika. Baba alikuwa akivaa koti juu ya msuli na kuondoka.

Gari lenyewe ni Suzuki Escudo ya milango mitatu, namba A, ambayo sasa imefunikwa turubai nyuma ya jiko. Nilipotoka nje siku ile niliegemea ubavu wake, nikafungua simu ili nisilie, na kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni picha ya Suzuki e Vitara. Gari la umeme, jipya kabisa, lenye jina la zamani.

Nasoma shahada ya uzamili katika Kiswahili na tasnifu yangu inahusu majina, kwa hiyo wasomaji watanisamehe kama nitalihakiki gari kama wengine wanavyohakiki riwaya. Jina lililofufuliwa ni maandishi. Kuna aliyelitunga, kuna aliyelirithi, kuna tunaolisoma. Na kampuni inayochukua jina la gari la porini lililopendwa na kulibandika kwenye gari la umeme inafanya kazi ile ile ya mtunzi anayeandika upya hadithi ya bibi yake: inaweza kuisoma vizuri, inaweza kuisoma vibaya, na inaweza isiisome kabisa.

Nianze na hadithi ya bibi. Mwaka 1988 Suzuki walitoa gari dogo lenye chasisi ya ngazi, yaani vile vyuma viwili virefu vilivyounganishwa na vyuma vya kukatiza, kama malori. Japani waliliita Escudo, na katika nchi nyingi nyingine wakaliita Vitara. Marekani liliitwa Sidekick, na ndugu yake aliyeuzwa na General Motors akaitwa Geo Tracker. Kwa hiyo tangu kuzaliwa lilikuwa na majina kama mtoto aliyezaliwa ukoo wenye mashangazi wengi. Kati ya viti vya mbele kulikuwa na kijiti cha pili, kifupi, mbali na kile cha gia. Ukikisogeza, nguvu inakwenda magurudumu yote manne. Ukikisogeza hadi mwisho unaingia gia ya chini, ile inayolifanya gari litambae taratibu kuliko mtu anayetembea huku injini ikinguruma kwa nguvu zake zote. Baba alikiita kijiti hicho "dawa". Hakukigusa ovyo. Mvua ikikolea na tukifika kwenye kona ya mwisho kabla ya msikiti, alikuwa akisema "Bismillahi, tuipe dawa," nasi tulionyuma tunanyamaza.

Lazima niwe mkweli hapa, maana mahaba yanapofusha uhakiki. Wenye Land Rover walilicheka gari hili. Lilikuwa jepesi, takriban tani moja, lilikuwa na viti vya kitambaa na lilikaa vizuri kwenye lami. Katika miji ya Ulaya lilinunuliwa na vijana waliotaka kufungua paa ufukweni. Wengi wanaoandika historia ya magari wanalihesabu miongoni mwa mababu wa magari haya yote ya leo yenye sura ya porini na tabia ya mjini. Kwa maneno mengine, mtu anayelalamika kwamba Vitara ya umeme ni gari la mjini lililovaa nguo za porini akumbuke kwamba hata bibi alishasemwa hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba bibi, chini ya nguo zile, alikuwa na kijiti.

Sasa tutazame jina lilivyotembea, kwa sababu halikuruka kutoka 1988 hadi leo. Mwaka 1998 ilikuja Grand Vitara, bado na chasisi ya ngazi. Mwaka 2005 ikaja nyingine ambayo chasisi yake ilifichwa na kuunganishwa ndani ya bodi, lakini gia ya chini ikabaki katika nyingi kati yake. Vitara iliyofuata, iliyoanza kuuzwa 2015, haikuwa na chasisi wala gia ya chini. India ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2016 waliuza Vitara Brezza iliyoendeshwa na magurudumu ya mbele peke yake. Baadaye neno Vitara likaondolewa, Brezza ikabaki Brezza, na mwaka 2022 jina Grand Vitara likapewa gari jingine kabisa lililotengenezwa kwa ushirikiano na Toyota. Jina lilikuwa likivuliwa na kuvishwa kama koti la kuazima.

Kwa hiyo Novemba 2024, Suzuki walipofunua e Vitara kule Milan, Italia, na kuieleza kuwa ni ya ukoo wa Vitara, sikuona ufufuo. Niliona mtoto aliyepewa jina la mjukuu aliyepewa jina la babu. Wajina kwa kupitia wajina. Tabia ya babu ilikuwa imeshapotea njiani, na hakuna aliyeirudia kuitafuta.

Hata hivyo gari lenyewe si bure. Ni gari la kwanza la umeme ambalo Suzuki wamelikusudia soko la dunia nzima, linaundwa Gujarat, India, na lina betri za ukubwa wa aina mbili, kilowati-saa 49 na 61. Lile la magurudumu manne lina mota mbili, moja mbele na moja nyuma, ambazo kwa pamoja zinatoa torki ya nyutoni-mita 300. Lina utaratibu unaoitwa Trail: gurudumu moja likining'inia hewani na kuanza kuzunguka bure, breki inalishika hilo peke yake ili nguvu ihamie kwenye gurudumu lililokanyaga ardhi. Fundi wetu wa Lushoto nilipomweleza alifikiri kidogo akasema, "Hiyo ni dawa ya kidonge. Yetu ilikuwa ya mizizi." Halafu akaongeza jambo ambalo sikulitarajia: kwamba kwa mota ya umeme kijiti cha pili si lazima, kwa kuwa mota haisubiri kupandisha mizunguko kama injini, inatoa torki yake yote tangu gurudumu linapoanza kusogea. Na kwamba kutoka kwetu mpaka Mombo ni mteremko, na gari la umeme kwenye mteremko linarudisha chaji kwenye betri badala ya kuunguza breki. Gari la baba liliteketeza breki kwenye kona za Soni mara nyingi mno.

Kwa hiyo ugomvi wangu si na umeme. Ninasisitiza hili kwa sababu kuna uhakiki wa kizee siku hizi unaodhani kila kisichonguruma si gari. Nairobi kuna kampuni inayoitwa Roam, zamani Opibus, iliyoanza mwaka 2017 kwa kuyabadilisha magari ya safari: walitoa injini ya dizeli, wakaweka mota na betri, bodi na chasisi vikabaki. Land Cruiser iliyobadilishwa hivyo bado inaitwa Land Cruiser na hakuna anayeuliza kwa nini. Mwili ni ule ule, makovu ni yale yale, moyo ndio mpya. Kufufua jina ni kinyume chake. Mwili mpya, moyo mpya, kinachobaki ni sauti tu ya kuitwa.

Na sauti hiyo inaweza kutosha, kama mrithi ameisoma. Nina mifano miwili kutoka Marekani ambayo nimeitumia katika tasnifu, mmoja siupendi na mmoja naupenda, na wote wawili wamesoma.

Hummer ilitokana na gari la kijeshi. General Motors walichukua haki za jina hilo mwaka 1999, wakalizika 2010 bei ya mafuta na hali ya uchumi vilipolishinda, wakalirudisha mwaka 2020 kama gari la umeme chini ya GMC. Watu walidhani Hummer ya umeme ingekuwa toba. Haikuwa. Ina betri inayozidi kilowati-saa 200 na uzito unaozidi tani 4, na inaweza kutembea kimshazari kama kaa. Ni gari la kupita kiasi kwa kila kipimo. Lakini ndivyo lilivyokuwa hata la zamani! Mrithi alilisoma jina herufi kwa herufi akaelewa kwamba maana yake ni kupita kiasi, akaendelea pale babu alipoachia. Silipendi gari hilo hata kidogo, lakini kama mhakiki siwezi kusema limedanganya.

Scout ni kisa kingine. Iliundwa na International Harvester, watu wa matrekta, kule Fort Wayne, Indiana, kuanzia mwishoni mwa 1960 hadi 1980. Ilikuwa gari la mkulima mwenye kazi shambani na harusi mjini. Jina lilikaa kimya miongo minne, likipita mikononi mwa warithi wa kampuni mpaka Navistar, na Navistar iliponunuliwa na kundi la Volkswagen mwaka 2021, Wajerumani walijikuta wanamiliki neno ambalo Wamarekani walikuwa wakilipenda. Oktoba 2024 wakaonyesha magari mawili, Traveler na Terra, yatakayoundwa Carolina Kusini. Kuna aina ya umeme mtupu na aina yenye injini ndogo ya petroli isiyosukuma magurudumu bali inachaji betri tu. Lakini kilichonigusa ni chini: wamerudisha chasisi ya ngazi na ekseli ngumu nyuma. Hakuna mnunuzi wa mjini atakayeona ekseli hiyo. Ni kama mtoto aliyepewa jina la babu fundi seremala akajifunza kushika randa ingawa nyumba za siku hizi ni za vioo. Tutaona kama litafika barabarani lilivyoahidiwa. Magari ya maonyesho huwa na tabia ya kupungua njiani.

Nirudi kwa e Vitara. Niliitazama kwa muda mrefu, nikiitafuta alama moja ya kwamba mtu mahali fulani aliikumbuka Escudo ya milango mitatu. Nimeipata moja. Vishikio vya milango ya nyuma vimefichwa juu, kwenye nguzo ya bodi, rangi yake ikamezwa, kiasi kwamba kwa mbali gari linaonekana lina milango miwili tu ya abiria. Mbinu hiyo si ngeni, Alfa Romeo 156 ilikuwa nayo tangu 1997, na huenda wabunifu hawakuwa wanaikumbuka Escudo kabisa. Lakini ndiyo nukuu pekee niliyoipata kutoka kwenye maandishi ya zamani. Mlango uliofichwa ili tukumbuke mlango ambao haukuwepo. Plastiki nyeusi iliyozunguka magurudumu inasema "tope" kwa sauti kubwa, na sentimita 18 kutoka tumbo la gari hadi ardhini zinasema "tope kidogo".

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi, nalo wahakiki wa magari sijawaona wakiligusa. Japani kwenyewe, ambako gari hili liliitwa Escudo kwa zaidi ya miaka thelathini, gari jipya halikuitwa e Escudo. Limekwenda huko pia kwa jina la e Vitara. Jina moja kwa dunia nzima, ni rahisi kwa biashara, naelewa. Lakini maana yake ni kwamba Vitara imefufuliwa na Escudo imezikwa, siku moja, na mkono mmoja.

Na sisi huku tunamjua nani? Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani. Yaliingia na majina ya Japani migongoni. Vitara ipo, ndiyo, lakini gari lililopanda Mlalo, Mtae, na njia zote za Usambara ambazo ramani inazichora kwa nukta, mgongoni limeandikwa Escudo. Neno hilo maana yake ni ngao, na lilikuwa pia jina la fedha ya Ureno; jirani zetu wa Msumbiji waliitumia kabla ya metikali. Kwetu hakuna aliyejua hayo. Escudo lilikuwa jina la kishindo fulani usiku, taa mbili zinazopanda mlima, na wanawake kutoka nje na khanga kujua ni nani anapelekwa hospitali.

Kampuni inamiliki jina kwa sheria, lakini lugha haina ofisi ya usajili. Bajaji ni jina la kampuni ya India, na leo hata aliyepanda TVS anasema amepanda bajaji. Fuso ni lori lolote la ukubwa fulani. Katapila halihitaji kuwa Caterpillar. Na polisi wakija mtaani na pikapu, watu wanasema "difenda imefika", hata kama ni Toyota. Land Rover walilitoa jina Defender mwaka 1990, wakalisimamisha gari hilo Januari 2016, wakalifufua mwaka 2019, na wanaendelea kubishana na wapenzi wake kama hili jipya linastahili. Huku kwetu mjadala huo haukufika. Difenda haikuwahi kufa, kwa hiyo haikuhitaji kufufuliwa. Ilihama tu kwenye gari ikaingia kwenye woga wa watu.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa e Vitara kama maandishi. Imechukua upande wa jina unaomilikiwa kwa karatasi na kuuacha upande unaokaa mdomoni. Gari zuri, nasema tena. Lingepewa jina lake jipya ningelisifu bila kusita, na pengine miaka ishirini baadaye wanawake wa Mlalo wangelijua kwa jina hilo jipya. Kulipa jina la zamani ni kuomba heshima kabla ya kufanya kazi. Ba'mdogo aliwahi kuniambia, nilipolalamika kwamba jina la bibi mzaa baba linanielemea, kwamba wajina hadaiwi afanane na mwenye jina. Anadaiwa ajue alikuwa nani. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikamwona mzee anayekwepa swali.

Tumeuza Escudo mwezi uliopita. Kaka ana mtoto sasa, ada yangu ya muhula wa mwisho ilikuwa haijalipwa, na gari lililolala chini ya turubai miaka miwili linageuka chuma chakavu hata ukilipenda namna gani. Dalali alitoka Lushoto mjini na kijana wa kulijaribu. Betri mpya, petroli kidogo, likawaka mara ya tatu. Kijana alisukuma kijiti mbele, akakivuta nyuma, kikaingia bila kukwaruza, wakatazamana. Mimi nilikuwa na Rajabu mgongoni.

Wakakaa barazani kuandika mkataba. Dalali aliandika kwa mkono, haraka, kwa herufi kubwa: SUZUKI VITARA, ikafuata namba ya gari na bei. Kaka alikuwa tayari ameshika kalamu asaini. Mama, ambaye hajui kuendesha na hakuwahi kukaa kiti cha mbele zaidi ya safari za hospitali, aliomba aone karatasi. Akaisoma taratibu, kidole kikifuata maneno.

"Hili si gari letu," akasema.

Dalali akacheka kwa adabu. "Mama, Vitara na Escudo ni kitu kimoja. Kiwanda kimoja."

"Kadi imeandikwaje?"

Kaka akatoa kadi ya gari. Imeandikwa Escudo. Dalali akasema haina shida, akakata neno kwa mstari mmoja, akaandika lingine juu yake. Mama akamwambia achukue karatasi nyingine, aanze upya.